Maswali ya wasomaji: Wateja wa pai walikuja, mbona hawarudi?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wenye vibanda na maduka madogo ya pai za nyama na sambusa. Wengi wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mteja nimempata, nifanye nini asipotee? Tumeanza na barua ya Temeke, na jibu lake ni refu kwa sababu mengine yote yanaliegemea.

Nimefungua kibanda cha pai za nyama karibu na kituo cha daladala. Wiki mbili za kwanza niliuza mpaka pai 80 kwa siku, sasa naambulia 35. Bei ni ile ile, shilingi 1,500, na mapishi sijabadilisha. Wateja wamekwenda wapi?
Mwenye kibanda, Temeke

Dada, pole kwa hilo, ila usikate tamaa mapema. Wiki mbili za mwanzo watu huja kuonja kitu kipya. Idadi ile haikuwa ya wateja wako bado. Mteja wako ni yule aliyekula pai ya kwanza, akarudi, akakuta ya pili ni sawasawa na ile. Hapo ndipo vibanda vingi vinapoteza watu bila mwenyewe kujua.

Fanya jaribio hili kesho. Chukua pai 10 kabla hazijaingia kwenye oveni, uzipime moja moja kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kama unakata unga kwa macho na kujaza nyama kwa kijiko, usishangae ukikuta moja ina gramu 140 na mwenzake 180. Kwa hesabu yako ya siku hakuna kilichoharibika, kwa sababu zinafidiana. Lakini aliyepata ya 180 juzi, akapewa ya 140 leo kwa bei ile ile, anaona umeanza kupunja. Hatakuambia. Atapita tu upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo pima kila kitu, kila siku. Vipimo hivi vinatosha pai 19: unga wa ngano kilo 1, margarini ngumu ya kuokea gramu 500, chumvi gramu 15, maji ya barafu mililita 250. Soma kopo la margarini: inayofaa ina mafuta asilimia 80. Ile laini ya kupaka mkate ina maji mengi na pai yake inakuwa ngumu. Kila pai ichukue gramu 60 za unga uliokandwa chini na 30 za kifuniko. Kwa ndani, kima kilo 1, vitunguu gramu 300, karoti gramu 200, na unga kidogo uliokorogwa kwa maji wa kuzuia mchuzi usitiririke. Ikishapikwa na kukauka inabaki kama kilo moja na gramu 150, yaani gramu 60 kwa kila pai. Chumvi na pilipili manga nazo zipimwe kwa gramu kwa kila kilo ya nyama, kisha karatasi ibandikwe ukutani jikoni, ili hata siku unayoumwa msaidizi wako atoe pai ile ile.

La pili ni saa. Mtu wa kituo cha daladala ana dakika mbili tu mkononi. Akija saa moja asubuhi akute pai bado hazijaiva, kesho atanunua chapati kwa jirani, na keshokutwa miguu yenyewe itampeleka huko. Chagua saa zako ambazo pai zinatoka zikiwa moto, tuseme saa moja asubuhi, saa nne wakati wa chai, na saa kumi na moja jioni watu wanaporudi nyumbani. Ziandike ubaoni. Trei ikitoka, iweke upande wa barabara kwa dakika chache, harufu ifanye kazi yake. Ukishaandika saa nne, basi iwe saa nne hata mvua inyeshe. Ni heri kuahidi mara mbili kwa siku ukatimiza kuliko mara tatu ukakosa moja.

La tatu, bei ionekane kutoka hatua tano au sita. Wapo watu wengi wanaoona haya kuuliza bei halafu waondoke bila kununua, hivyo hawasogei kabisa. "Pai ya nyama 1,500" kwa herufi kubwa inawatoa hofu.

Mwisho, weka daftari lenye safu tatu kwa kila saa uliyooka: zilizotoka, zilizouzwa, zilizobaki. Baada ya wiki tatu utajua kama tatizo ni asubuhi, mchana au siku fulani. Ukiwa na hiyo picha, tuandikie tena.

Pai zangu zikitoka ni nzuri, lakini ikifika saa saba mchana kitako kimelowa na kifuniko kimelegea kama ngozi. Naziweka kwenye hotpoti zisipoe. Naoka kwa jiko la mkaa.
Msomaji, Mwanza

Una matatizo mawili, moja la kuoka na moja la kutunza.

Kitako kibichi huanzia kwenye nyama. Ukijaza kima ikiwa moto, margarini iliyomo kwenye unga inayeyuka kabla ya kuingia kwenye oveni, na unga unanyonya mchuzi. Pika kima mpaka ukipitisha mwiko katikati ya sufuria, ule mstari ubaki wazi kama sekunde tatu kabla haujajifunga. Ukijifunga mara moja, bado kuna maji. Kisha itandaze kwenye sinia, kina kisizidi sentimita 5, ipoe kabisa. Usiiache kwenye sufuria ndefu, maana katikati itabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo ndipo vijidudu huzaliana.

Moto wa chini ndio wa pili. Wengi tumezoea jiko la mkaa kwa keki: makaa mengi juu, machache chini. Pai haitaki hivyo. Dakika 15 za kwanza moto wa chini usiwe haba, ili kitako kikauke kabla mchuzi haujapenya. Pasha trei tupu kwa dakika 10, ndipo uweke vibati vya pai juu yake. Kwa mwenye oveni ya umeme au gesi, nyuzi 200 kwa dakika 15 kwenye safu ya chini, halafu 180 kwa dakika nyingine 15. Kila kifuniko kiwe na tundu la upana wa penseli. Bila tundu, mvuke unarudi ndani au unapasua pembeni. Yai moja na kijiko kikubwa cha maziwa vinatosha kupaka trei nzima.

Sasa hotpoti. Hotpoti ni nzuri kwa wali na chapati, ambazo zinatakiwa zibaki laini. Kwa pai ni adui, kwa kuwa inafungia mvuke: unapanda, unagusa mfuniko, unadondoka tena juu ya pai. Tafuta kabati la kioo lenye taa ya joto na matundu ya kutolea mvuke, pai zipangwe juu ya wavu bila kubebana. Nunua na kipimajoto cha kuchomeka. Katikati ya pai isishuke chini ya nyuzi 60. Iliyokaa chini ya hapo jumla ya saa nne itupwe, isipashwe moto kwa ajili ya kesho. Zipo sumu za bakteria ambazo moto wa kupashia hauziui, na mteja mmoja akiumwa tumbo, mtaa mzima utajua kabla ya jioni.

Hata kabati zuri, baada ya saa tatu nne pai inakauka. Dawa hasa ni kuoka kidogo kidogo. Tengeneza pai zote asubuhi, oka za saa ya kwanza, zilizobaki ziweke mbichi kwenye friji. Za kesho na keshokutwa zigandishe mbichi, uzioke zikiwa barafu hivyo hivyo kwa dakika 40 hadi 45. Ukiziacha ziyeyuke kwanza, kitako kitalowa tena.

Na kufungasha pia: pai moto ndani ya nailoni inatoa jasho. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo mfuko wa khaki ndio njia. Gazeti la zamani liache, wino unahamia kwenye mafuta.

Nyama imepanda shilingi 2,000 kwa kilo. Nimeongeza viazi na kupunguza kima nusu ili nisipandishe bei. Wateja wananung'unika. Nifanye nini?
Muuza pai, Morogoro

Kaka, kaa chini upige hesabu hii, tafadhali. Kilo moja ya kima inatoa pai 19. Shilingi 2,000 ukigawa kwa 19 ni kama shilingi 105. Yaani nyama ilikuongezea gharama ya shilingi mia moja na tano kwa pai, na wewe umemnyang'anya mteja nusu ya nyama yake. Ndiyo maana ananung'unika, na ana haki.

Rudisha kima kama ilivyokuwa. Halafu pitia vitu vyote, sio nyama peke yake: unga, margarini, vitunguu, mkaa au gesi, mfuko, mshahara wa msaidizi, kodi ya fremu kwa siku ukiigawa kwa pai unazouza. Kama jumla imepanda 150, pandisha 200. Tangaza wiki moja kabla, ubaoni, kwa maneno manyofu: "Kuanzia Jumatatu pai ni 1,700. Nyama ni ile ile." Wakati mzuri ni mwanzoni mwa mwezi, watu wakiwa na mishahara. Usipandishe bei siku ile ile unapobadilisha kitu kingine, hata kama ni umbo la pai, kwa kuwa kila badiliko litahesabiwa kuwa hila.

Andaa chenji. Ukiuza 1,700, kila noti ya 2,000 inadai 300, na mteja anayeambiwa "subiri nitafute chenji" akiwa na haraka ni mteja aliyeudhika. Weka sarafu za 100 na 200 tangu jana yake, na bango la lipa namba mahali mkono unapofika.

Kama eneo lako kweli haliwezi 1,700, tengeneza pai ya pili, ndogo waziwazi, ya gramu 100, uiuze 1,000 na kuipa jina lake. Mtu anayenunua ndogo akijua ni ndogo hana kinyongo.

Nataka kuwapa wateja kadi: nunua kadhaa, upate moja bure. Rafiki yangu anasema ni hasara, bora nipunguze bei. Pai yangu ni shilingi 100.
Msomaji, Nairobi

Rafiki yako apewe kalamu na karatasi. Tuseme pai moja inakugharimu shilingi 55 mpaka kumfikia mteja. Akinunua 8 na ya 9 ukampa bure, umetoa shilingi 55 kwenye mauzo ya 800, kama asilimia 7. Ukipunguza bei kwa shilingi 10, kwenye pai hizo 8 umetoa 80, asilimia 10, na umempa hata mpita njia ambaye hatarudi tena. Bei ikishashuka, kuirudisha juu ni kazi. Kadi unaweza kuisimamisha wakati wowote, mradi ulizokwisha kutoa uziheshimu.

Kuna jambo dogo lenye nguvu katika kuichora. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio lililofanyika kwenye sehemu ya kuoshea magari nchini Marekani. Wateja 150 walipewa kadi ya mihuri 8, na wengine 150 kadi ya mihuri 10 yenye miwili iliyokwisha kupigwa. Wote walidaiwa kuosha mara 8. Wa kadi ya kwanza waliomaliza walikuwa asilimia 19, wa kadi ya pili 34. Mtu akiona ameshaanza safari, anataka kufika. Basi chapisha kadi ya mihuri 10, piga miwili mbele ya macho yake, umwambie hii ni zawadi ya kuanza.

Tumia muhuri wenye alama usiopatikana kila duka la vifaa vya ofisi, na weka tarehe ya mwisho, miezi mitatu hivi. Pai ya bure iwe ya moto kama nyingine. Tunawasihi sana hapa: msitoe za jana kwa kadi. Mteja wa kadi ndiye anayekuja mara nyingi kuliko wote.

Karibu na duka langu kuna ofisi. Wafanyakazi wanakula kwa mkopo mpaka mwisho wa mwezi, wengine hawalipi. Nikikataa nitawakosa.
Mama wa pai, Dodoma

Mama, shikamoo. Kama pai ya 1,500 inakula gharama ya 1,200, faida yako ni 300. Pai moja isiyolipwa inakutaka uuze nne nyingine ili urudi pale ulipokuwa. Anayekula tano akahama ofisi amekula faida ya pai 20.

Usifunge mkopo ghafla, utaonekana umekasirika. Weka utaratibu unaofanana kwa wote: mwisho pai 5 kwa mtu, malipo kila Ijumaa kabla ya saa nane mchana, na asiyemaliza hapewi ya sita. Mteja atie sahihi yake kwenye daftari kila anapochukua. Kisha wape njia iliyo bora kwao: anayelipa mapema pai 10 za wiki mbili kwa 14,000 badala ya 15,000 awe na jina lake kwenye orodha, na pai yake ihifadhiwe saa nne hata zikiisha. Watu wa ofisi wanachopenda ni uhakika wa kupata kuliko ule mkopo wenyewe. Pia muulize katibu muhtasi kuhusu vikao. Kikao cha watu 20 kilichoagizwa jana yake ni trei nzima iliyouzwa kabla hujawasha oveni. Kwa oda kama hiyo chukua nusu ya malipo mbele, na utoe risiti.

Duka langu la sambusa linakufa mchana wa Ramadhani, halafu jioni foleni inanishinda na wengine wanaondoka. Nifanyeje mwaka huu?
Bi. Sambusa, Mombasa

Bibie, mwezi huo usiuze sambusa za moto peke yake. Uza mbichi zilizogandishwa, pakiti za 20 na za 50, uanze wiki mbili kabla ya mfungo. Mama wa nyumbani anachochoka nacho ni manda na kukunja, kukaanga si shida kwake. Mchana wako uliokuwa umelala unakuwa wakati wa kukunja.

Ila mapishi ya kugandisha yana masharti. Kitunguu kibichi kinachochanganywa mwishoni, ambacho kwa sambusa za siku hiyo ndicho utamu wenyewe, hutoa maji kikiganda na kuyeyuka, na manda inapasuka ndani ya mafuta. Kwa za kugandisha, kipike pamoja na kima mpaka kikauke, kotmiri iingie kima ikishapoa. Manda ambazo hujazifikia zifunike kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, zikikauka zinavunjika kwenye pembe. Gundi ya unga na maji iwe nzito kama uji wa mtoto, na pembe zote tatu zifungwe, tundu la sindano linatosha kuvuta mafuta. Zitandaze kwenye trei zigande kwanza moja moja, ndipo uzipakie. Ukizipakia laini zitashikana donge moja. Andika kwenye pakiti: zikaangwe zikiwa barafu, tarehe ya kutengenezwa, na mwezi mmoja wa matumizi.

Kwa za moto, funga oda saa tisa alasiri. Mwenye oda apewe namba na mstari wake, asichanganywe na wasio na oda. Tumia makarai mawili badala ya moja kubwa. Karai la lita tatu za mafuta lichukue sambusa 8 hadi 10 kwa mara moja. Ukitia 20 za barafu, joto linaanguka kutoka nyuzi 175 mpaka mafuta yanakaa kimya, na sambusa zinanywa mafuta badala ya kukaangika. Dalili ni povu: dogo dogo na la haraka ni sawa, likitulia punguza sambusa. Kila mtu anataka afike nyumbani kabla ya adhana ya Magharibi, kwa hiyo kazi yako yote kubwa iwe imekwisha kufikia saa kumi na mbili kasorobo.

Naweka picha za pai WhatsApp kila siku, hakuna anayejibu. Na jirani amefungua duka la pai nyumba ya tatu, bei yake chini ya yangu.
Kijana wa Arusha

Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Huenda wengi wako hawajaihifadhi. Ibandike namba kwenye mfuko wa khaki pamoja na sababu ya kuihifadhi: "Tuma neno PAI uwekewe yako ya saa nne." Tuma ujumbe mmoja kwa siku, saa tatu na nusu, watu wanapoanza kufikiria chai. Picha iwe ya pai iliyokatwa katikati nyama ikionekana, imepigwa karibu na dirisha bila mwanga wa simu. Pai nzima kwenye picha haimwambii mtu kitu.

Kuhusu jirani, usishushe bei wiki hii. Nunua pai zake tatu kwa siku tatu tofauti, saa ile ile, uzipime na uzikate. Ukiona zake zinapishana uzito au zinapoa mapema, endelea na kazi yako. Ukiona ni nzuri na zinalingana siku zote tatu, anza na mizani yako mwenyewe kama tulivyomwandikia dada wa Temeke, kisha kata pai mbili vipande vinane vinane kila saa nne, uwaonjeshe wanaopita mlangoni kwako wakielekea kwake.